Sanaa ya Umma na Wenyeji Wake: Nafasi na Changamoto za Kubuni Sanaa Katika Jamii

Ikisiri

Makala haya yanachunguza sanaa ya umma, yaani sanaa inayosimamishwa, kuchorwa au kutendwa mahali pa wazi ambapo kila mpita njia anaweza kuishuhudia. Kwa kutumia dhana za fanani na hadhira kama zinavyofahamika katika taaluma ya fasihi simulizi, makala yanalinganisha mifano minne ya Kenya: sanamu ya maaskari jijini Nairobi, vigango vya Wamijikenda, jukwaa la Kamĩrĩĩthũ huko Limuru na picha za mapaa ya Kibera. Hoja kuu ni kwamba uhai wa sanaa ya umma hautegemei ugumu wa shaba wala wa mbao iliyotumika. Unategemea nafasi ambayo jamii ilipewa katika kuibuni, pamoja na uwezo wake wa kuilinda.

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii humkaribisha mgeni kwa sharti. Mgeni anatarajiwa kuja na kitu kitakachomfaa mwenyeji wake, la sivyo mapokezi yake yatakuwa ya siku mbili na siku ya tatu atapewa jembe. Sanamu inayosimamishwa katika njia panda, mchoro unaopakwa kwenye ukuta wa soko, au mchezo unaoigizwa uwanjani ni wageni wa namna hiyo. Huingia mahali ambapo watu tayari wanaishi, wanafanya biashara, wanazika wafu wao na wanakumbuka mambo yao. Swali linalozuka ni hili: je, mwenyeji hupona?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mara nyingi sanaa ya umma huachiwa idara za sanaa za ufundi na wahandisi wa miji, kana kwamba ni suala la saruji na rangi tu. Hata hivyo, msomaji atakumbuka kwamba kabla ya kuwapo jumba la maonyesho lenye mlango na kiingilio, sanaa takriban zote za jamii za Afrika Mashariki zilikuwa za umma. Ngoma ilichezwa uwanjani, utani ulitupwa njiani, miviga ilifanyika mbele ya kijiji kizima. Taaluma ya fasihi simulizi imekwisha kutupatia istilahi za kulizungumzia jambo hili, na ndizo zitakazotumika hapa.

Fanani na hadhira kama kipimo

Katika utendaji wa ngano, fanani hasimulii peke yake. Hadhira huitikia, huimba kiitikio, huuliza, hucheka na wakati mwingine humsahihisha fanani anapokosea. Hadhira ya namna hii huitwa hadhira tendi. Kinyume chake ni hadhira tuli, ambayo kazi yake ni kutazama au kusikiliza tu. Tofauti hii huonekana ndogo darasani, lakini ikitumiwa kuipima sanaa ya umma hutoa mwanga mkubwa. Kila kazi inapowekwa mahali pa wazi, inafaa kuuliza: ni nani aliyekuwa fanani hapa? Hadhira iliruhusiwa kuitikia, au ilitakiwa kupita na kutazama tu? Na je, hadhira ikitaka kuisahihisha kazi hiyo, ina njia gani?

Hadhira isiyotakiwa kujibu: maaskari watatu wa Nairobi

Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi kuna sanamu ya shaba yenye watu watatu. Ilizinduliwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliopigana na kuchukua mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kwa hivyo ni mojawapo ya maandishi ya Kiswahili ya zamani yanayosomeka hadharani katikati ya jiji, na wapita njia wengi hawayatambui.

Yanayosemwa na maandishi hayo yanastahili kuchunguzwa. Maneno yake ya Kiingereza yanahusishwa na Rudyard Kipling. Yanawaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Kinaya ni kwamba sanamu hiyo haina jina la mfu hata mmoja. Mnamo mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba angalau watu 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita hivyo.

Hapa fanani alikuwa serikali ya kikoloni. Hadhira ilikuwa jamaa za marehemu, na haikuulizwa neno. Lugha yake ilitumiwa, lakini sauti yake haikutumiwa. Ajabu ni kwamba jamii ilijiundia ukumbusho wake yenyewe bila shaba wala mchongaji. Jina la kikosi cha wachukuzi lilitamkwa kwa ulimi wa Kiswahili likawa Kariakoo jijini Dar es Salaam, na Kariokor jijini Nairobi. Wanaonunua na kuuza katika masoko ya maeneo hayo hulitaja jina hilo kila siku. Inaweza kudaiwa kwamba neno hilo, lililobuniwa na kinywa cha umma, limewakumbuka wachukuzi kwa uaminifu kuliko sanamu.

Sanamu ya Dedan Kimathi inaonyesha upande mwingine wa jambo hilo hilo. Ilizinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi aliponyongwa. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliyorithiwa kutoka kwa ukoloni ilikuwa imeondolewa mwaka 2003 tu. Hii ina maana kwamba kwa miongo minne ya uhuru, kumbukumbu iliyokuwa hai katika nyimbo na masimulizi ya watu ilikosa mahali pa kusimama barabarani. Uwanja wa umma una mlinda mlango, ingawa lango lenyewe halionekani.

Sanaa isiyohamishwa: vigango vya Wamijikenda

Vigango ni nguzo za mbao zinazochongwa na baadhi ya Wamijikenda, hasa Wagiriama, kuwakumbuka wanachama waliofariki wa chama cha wazee kiitwacho gohu. Kigango huchongwa kwa nakshi za pembetatu, na kichwa chake aghalabu huwa duara. Husimikwa karibu na boma, mahali panapoonekana. Baada ya kusimikwa hakipaswi kung'olewa. Familia ikihama, kigango hubaki pale pale mpaka kimalizwe na mvua, jua na mchwa. Kuoza kwake si uzembe wa mtu, kwa kuwa ni sehemu ya maana yake.

Sanaa hii inatimiza masharti yote ya sanaa ya umma inayotokana na jamii. Anayeiagiza anajulikana, anayeichonga anajulikana, anayekumbukwa anajulikana, na hadhira inafahamu namna ya kuisoma. Pamoja na hayo, ni sanaa iliyoporwa vibaya. Watu wa nje waliona nguzo iliyoachwa kwenye boma tupu, wakaihesabu kuwa haina mwenyewe. Mamia ya vigango yaliuzwa kwa watalii na wafanyabiashara, na mengine yakaishia katika makumbusho ya Marekani.

Kisa kimoja kinajulikana sana. Mnamo mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Haukupita muda mrefu vigango hivyo vikaibwa. Baada ya miaka mingi, picha hiyo ndiyo iliyosaidia kuvitambua katika mikusanyo ya makumbusho mawili ya vyuo vikuu vya Marekani, na mwaka 2007 kimojawapo kikarudishwa kwa familia kijijini.

Funzo la vigango ni chungu. Ushiriki wa jamii peke yake hautoshi kuilinda sanaa. Kitu kilichowekwa hadharani kwa imani kwamba kila mpita njia anaielewa miko yake kitakuwa hatarini siku atakapopita asiyeielewa, au anayeielewa na kuipuuza kwa sababu ya fedha. Aidha, ulinzi wenyewe unaweza kugongana na maana. Kigango kikifungiwa nyuma ya kioo au kizimba cha chuma kitakuwa salama, lakini kitakuwa kimeondolewa katika mazungumzo yake na mvua na mchwa. Hakuna jibu rahisi la tatizo hili, na yeyote anayedai kuwa nalo hana budi kwanza kwenda kuwauliza wazee.

Hadhira iliyogeuka fanani: Kamĩrĩĩthũ

Mfano ulio tajiri zaidi kwa mwanafasihi ni ule wa Kamĩrĩĩthũ. Kijiji hiki cha Limuru kiliundwa wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu kwa nguvu ili kuwatenga na wapiganaji wa msituni. Kwa hivyo uwanja wake wa wazi ulianza kama mahali pa kuwasimamia watu. Miaka 20 baadaye, wakazi waliugeuza kuwa mahali pa kujisemea.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji hicho alifika nyumbani kwake na kumhimiza aje kushirikiana na wanakijiji kuhuisha kituo chao. Jambo hili halifai kupitwa kwa haraka. Msanii hakujialika. Mwenyeji ndiye aliyebisha hodi kwa mgeni. Kazi ilianza kwa madarasa ya kusoma na kuandika ya watu wazima, chini ya uongozi wa Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mchezo wa kuigiza ulikuja baadaye, kama mazao ya elimu hiyo.

Rasimu ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ambao wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, ilikamilika mwaka 1977. Wanakijiji waliisoma na kuisahihisha. Wazee walipinga pale ambapo mhusika mzee alipewa lugha isiyolingana na umri na heshima yake. Wafanyakazi wa viwandani walieleza kwa undani jinsi kazi na mishahara ilivyokuwa. Waliokumbuka enzi za Mau Mau walirekebisha nyimbo na historia. Mazoezi, chini ya uelekezi wa Kĩmani Gecaũ, yalifanyika hadharani siku za mwisho wa wiki, na aliyetaka kutazama alitazama na kutoa maoni. Kabla ya siku ya kwanza ya onyesho, hadhira ilikwisha kuujua mchezo na kuwa na neno lake ndani yake.

Jukwaa lenyewe lilijengwa na wanakijiji kwa mikono yao. Lilikuwa la wazi, lisilo na paa, lenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 2,000. Onyesho rasmi lilianza tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walifika kutoka mbali, na waliokuwa wakizijua nyimbo waliimba pamoja na waigizaji. Mpaka kati ya fanani na hadhira, ambao vitabu vyetu huuchora kwa mstari ulionyooka, ulififia.

Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo kibali cha maonyesho kiliondolewa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akazuiliwa bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978. Kikundi hakikufa. Mwishoni mwa mwaka 1981 kilianza mazoezi ya mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, uliotumia nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Ulikuwa umepangwa kuonyeshwa katika Jumba la Taifa la Maonyesho mnamo Februari 1982, lakini kibali hakikutolewa. Mazoezi yalihamia Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu waliyatazama kabla hayajazuiwa pia. Mnamo Machi 1982 kituo kilipigwa marufuku, na polisi wenye silaha wakatumwa kulibomoa jukwaa. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifariki huko mwaka 2008. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye uhamishoni, alifariki Mei 2025.

Kamĩrĩĩthũ inaweza kusomwa kwa namna mbili. Msomaji wa kwanza atasema kwamba kazi ilishindwa, kwa kuwa jukwaa halikudumu hata miaka sita. Msomaji wa pili atauliza kwa nini dola lililowaruhusu wachezaji wa Nairobi kuigiza tamthilia nyingi za Kiingereza lilione jukwaa la mbao la kijijini kuwa hatari kiasi cha kulitumia polisi. Mchezo wenyewe ulirudi katika Jumba la Taifa la Maonyesho mnamo Mei 2022, ukaonyeshwa kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Waliolibomoa jukwaa hawakufaulu kuubomoa mchezo. Hata hivyo, ni vyema kukiri kwamba kurudi kwa mchezo jijini, ndani ya jumba lenye tiketi, si sawa na kurudi kwa jukwaa la kijiji. Kilichorejea ni matini. Uwanja wa wenyeji haukurejea.

Picha juu ya mapaa: Kibera

Mwaka 2009 msanii Mfaransa ajulikanaye kama JR alibandika picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa Kibera juu ya mapaa ya nyumba zao, katika eneo la takriban mita mraba 2,000. Picha hizo zilichapishwa kwenye nyenzo isiyopenya maji, ili zisaidie pia kuzuia mvua. Nyingine zilibandikwa kwenye mabehewa ya gari moshi, hivi kwamba lilipopita, macho yaliyo kwenye mabehewa yalikutana na sehemu za chini za nyuso zilizobandikwa kwenye mabati ya mteremkoni.

Kazi hii ina la kusifiwa. Mgeni alikuja, na mwenyeji akapata walau kinga dhidi ya paa linalovuja. Manufaa hayo ya kawaida huenda yaliwafaa wakazi kuliko hotuba yoyote kuhusu thamani ya sanaa. Lakini kipimo cha fanani na hadhira kinaibua swali gumu. Picha iliyo juu ya paa huonekana vizuri na aliye juu au mbali: abiria wa ndege, mpiga picha, msomaji wa gazeti ng'ambo. Anayeishi chini ya paa hilo hauoni uso wake mwenyewe. Basi hadhira iliyokusudiwa ni ipi?

Mfano huu ulinganishwe na kazi ya mchoraji wa papo hapo Kibera, ajulikanaye kama Solo 7. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, alizunguka mtaani akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta, mabati na milango. Hakuwa na mfadhili mkubwa wala nyenzo za gharama. Maandishi yake yalisomwa na jirani aliyemfahamu, katika kichochoro ambacho jirani huyo alilazimika kukipita. Kisanaa, picha za mapaa zinavutia zaidi. Kimawasiliano, maandishi ya ukutani yalikuwa karibu zaidi na msomaji wake.

Mambo yanayotokana na ulinganisho

Kutokana na mifano hii, mambo manne yanajitokeza.

Kwanza ni suala la mwaliko. Kazi iliyoanza kwa wenyeji kubisha hodi ilipata watetezi waliokuwa tayari kurudi jukwaani hata baada ya marufuku. Kazi iliyoletwa ikiwa tayari, kama sanamu ya maaskari, ilipata watazamaji tu. Tofauti hii haionekani siku ya uzinduzi. Huonekana siku kazi inapoharibika au kushambuliwa.

Pili ni lugha. Kamĩrĩĩthũ ilifaulu kwa sababu iliongea lugha ya mama ya wengi wa watazamaji wake. Lakini mji wa leo una wenyeji wa lugha nyingi, na Maitũ Njugĩra yenyewe ilikwisha kulitambua hilo kwa kuchanganya nyimbo za jamii mbalimbali. Kiswahili kina nafasi yake hapa, kwa sharti kwamba kiwe cha watu na si cha bango la serikali. Maandishi ya matatu na majina ya leso yamethibitisha kwamba umma wa Afrika Mashariki unajua kubuni na kusoma fasihi fupi ya Kiswahili barabarani bila kufundishwa na mtu.

Tatu ni sheria na mamlaka. Hali imebadilika tangu mwaka 1982. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Shughuli za kitamaduni zimekabidhiwa pia serikali za kaunti. Hii ni nafasi ambayo wanakijiji wa Limuru hawakuwa nayo. Hata hivyo, uhuru ulioandikwa haujengi jukwaa. Uwanja wa wazi unaendelea kunyemelewa na wanyakuzi wa ardhi, na jamii isiyo na uwanja haina mahali pa kuutumia uhuru huo.

Nne ni utunzaji. Wafadhili hupenda kugharimia uzinduzi. Ni wachache wanaogharimia rangi ya mwaka wa tano. Vigango vinatufundisha kwamba jamii inaweza kuamua kwa makusudi kwamba kazi fulani iachwe ioze. Uamuzi huo ni halali. Lisilo halali ni kazi kuharibika kwa sababu hakuna aliyeulizwa ni nani atakayeitunza.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba dhana za fanani na hadhira zinaweza kuvuka mipaka ya ngano na semi zikatufaa kuihakiki sanaa inayotuzunguka mitaani. Yameonyesha pia kwamba ushiriki si dawa ya kila jambo. Vigango vilikuwa vya jamii, vikaibwa. Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilikuwa la jamii, likabomolewa. Lakini katika visa vyote viwili kulikuwa na watu waliojua ni nini kilichopotea na waliokidai kwa jina.

Kwa wanachama wa vyama vya Kiswahili, lipo jukumu lililo karibu. Vikundi vyetu vya maigizo huenda mashinani kila likizo na michezo iliyokwisha kuandikwa chuoni, huigiza, hupigiwa makofi na kurudi. Safari ijayo, kikundi kimoja kijaribu kwenda na daftari tupu. Kiketi na wenyeji kwa siku kadhaa kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa, na kikubali kusahihishwa na bibi kizee kuhusu namna mzee anavyostahili kuongea. Huenda mchezo utachelewa. Lakini kikundi kitakapoondoka, utabaki na mtu wa kuuigiza, na hapo ndipo itakaposemwa kwamba mgeni alikuja na mwenyeji akapona.